Pacha Wake wa Januari Mosi

Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuiambia mashine leo ni siku gani. Nasema kila asubuhi, ingawa usahihi unanilazimisha kuongeza: kila asubuhi ambayo jenereta ya kituo cha mafunzo ilikuwa na dizeli. Mashine yenyewe haikujua. Ilipowashwa ilitoa mlio mfupi, ikapitisha tarakimu mbio kwenye skrini, kisha ikatangaza kwa utulivu kamili kwamba leo ni Jumanne, tarehe mosi Januari, mwaka wa elfu moja mia tisa na themanini. Baada ya hapo ilingoja, kana kwamba kuna mwenye pingamizi. Yeye hakuketi mbele yake mpaka wawe wamekubaliana kuhusu siku. Aliandika tarehe ya kweli kwa kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha kukubali, akasema, “Amka, habibi. Jumanne imekwisha.”

Ndani ya kila kompyuta, kwenye ule ubao wa kijani unaounganisha viungo vyote, mna saa, na saa hiyo huendeshwa na betri bapa yenye umbo la sarafu, ili mashine ikizimwa isipoteze hesabu ya siku. Betri ya mashine yetu, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ilikuwa imekufa. Hivyo kila umeme ulipokatika mashine ilisahau tarehe, na zaidi ya tarehe ilisahau mwili wake: haikukumbuka kwamba ina diski. Vipimo vya diski hiyo Mwalimu alikuwa ameviandika kwa chaki ukutani, na kila asubuhi alivisoma na kuviingiza kimoja kimoja, kama muuguzi anayemkumbusha mgonjwa kwamba ana miguu.

Mimi nilimwita Mwalimu. Wanafunzi waliotoka Sudan ya Kusini kama yeye walimwita Ustaza, yaani mwalimu wa kike, na wenyeji wa Kakuma walichanganya yote mawili. Jina lake ninalijua, nami nimeamua lisiwe langu la kugawa. Wala sitaeleza alizaliwa lini, kwa sababu hata waliomwandikisha kambini hawakujua. Aliwaambia alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza. Karani, ambaye fomu yake haikuwa na nafasi ya mvua, aliandika tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia maelfu ya wengine.

“Mimi na hii mashine ni mapacha,” alipenda kusema. “Wote Januari mosi. Tofauti ni kwamba yeye hazeeki.”

Nilifika kwake nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nikichunguza jinsi watu wazima wanavyovipa majina vitu ambavyo hawakuwahi kuvihitajia majina. Nilikuwa nimeandaa madodoso, nikapanga kukaa muda mfupi. Lakini njiani kutoka Lodwar gari letu lilivamiwa, ingawa tulikuwa katika msafara wenye askari. Dereva alipigwa risasi ya bega, akapona. Mimi sikuguswa. Huo ndio ukweli wote, na nimejaribu kuuandika kwa namna nyingi bila kuufanya uwe mkubwa kiasi cha kueleza hali uliyoniachia. Kazi yangu ilipokwisha nilifunga mkoba, nikaenda mahali magari yanapokusanyika, nikaona askari wakipanda, nikarudi chumbani. Msafara uliofuata nilifanya vivyo hivyo. Hatimaye niliacha hata kuupakua mkoba. Ukabaki mlangoni umepangwa tayari kwa safari, nami nikawa natoa shati humo na kulirudisha kama mgeni ndani ya vitu vyangu.

Darasa lilikuwa chumba cha bati na matofali ya udongo. Dirishani alitundika gunia lililoloweshwa maji, kama madereva wa malori wanavyotundika mifuko yao ya maji ubavuni mwa gari, ili upepo wa moto upite humo ukipoa. Kila Jumamosi aliifungua mashine na kuipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, macho ameyafumba nusu. Kabla ya kuiwasha alifanya ishara ya msalaba. Hata hivyo mwanafunzi yeyote aliyethubutu kusema kwamba mle ndani mna pepo alikejeliwa wiki nzima.

Alifundisha vizuri zaidi jenereta ilipokuwa imezimwa. “Sasa amelala,” alisema, “tunaweza kumsengenya.” Aliwapanga wanafunzi wenyewe wawe kompyuta. Halima, Msomali aliyekuwa na kibanda cha chai karibu na lango, alikuwa kibodi: kila alichoambiwa alikipitisha mbele, herufi kwa herufi, bila kuuliza maana. Ekiru, Mturkana mrefu aliyekuwa mlinzi wa kituo na mwanafunzi kwa pamoja, aliketi akiuelekea ukuta. Huyo alikuwa prosesa. Mmoja alipewa kibao na chaki, akawa memori. Mwingine alipewa kipande cha bati na msumari, akawa diski. Wa mwisho alisimama kwenye kiti na kutangaza matokeo, akawa skrini.

“Kwa hiyo Ekiru ndiye akili?” Halima aliuliza, bila kuficha mashaka yake.

“Ekiru ndiye mkono,” Mwalimu alijibu. “Prosesa anajumlisha, anatoa, analinganisha. Ukimwambia ajumlishe mbuzi na mawe, atajumlisha. Hana haya. Haya, Halima, mpitishie mbuzi.”

“Mwalimu,” Ekiru alisema akiwa bado ameuelekea ukuta, “mimi mbuzi sihesabu.”

“Kwa nini?”

“Kwetu mbuzi hahesabiwi. Jioni wakirudi naangalia tu. Kama ule mweusi wa pembe moja hayuko, najua hayuko.”

“Ndiyo maana wezi wanawapenda!” Halima alisema.

“Mwizi akikuja, na yeye tunaangalia tu. Halafu hayuko.”

Darasa lilicheka. Mwalimu aliwangoja wamalize, kisha akagonga meza kwa chaki. “Sikilizeni. Ekiru hahesabu kwa sababu anawajua. Mashine inahesabu kwa sababu haimjui hata mmoja. Khalas, hiyo ndiyo tofauti yenu. Sasa Ekiru, mpaka kipindi kiishe, usimjue mbuzi yeyote.”

Ekiru alihesabu. Halima alipitisha idadi, memori akaiandika kibaoni, prosesa akaomba aletewe, akajumlisha, akarudisha, akaomba nyingine. Walikuwa karibu kumaliza, skrini ameshavuta pumzi ya kutangaza, Mwalimu alipopiga makofi: “Umeme umekatika!”

Kanuni ilikuwa kwamba sauti hiyo ikisikika memori lazima afute kibao chake papo hapo. Alifuta. Mwalimu akamgeukia diski. “Bati linasema nini?”

“Halina kitu. Hatukuwa tumeandika bado.”

“Basi hakuna mbuzi. Mlikuwa nao, mliwapitisha mmoja mmoja, na sasa hakuna mbuzi.”

Hapo hakuna aliyecheka, kwa kuwa wengi wa waliokuwa chumbani walikuwa na kundi lililowahi kuwapo jioni moja na asubuhi halikuwapo. Mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida: “Memori ana haraka na hana uaminifu. Diski ni mzito, lakini hasahau. Mashine inawahitaji wote wawili. Hifadhi mapema.”

“Na betri je?” Halima aliuliza. “Hujampa mtu kuwa betri.”

“Betri ni mimi,” alisema.

Nilipomtaka kwa adabu aeleze maisha yake, yeye aliyefundisha kuhifadhi mapema hakunihifadhia chochote. Niliuliza alifikaje Kakuma. Akajibu, “Kwa miguu,” akanimiminia chai. Kitu kimoja tu alisimulia kwa hiari: kwamba zamani aliajiriwa katika ofisi ya serikali yenye mashine kubwa iliyojaza ukumbi, iliyolishwa kadi zenye matundu, na kwamba chumba chake kilikuwa na baridi kuliko kanisa. Aliisimulia baridi ile kama watu wengine wanavyosimulia chakula. Nilitambua baadaye (huenda natambua mno) kwamba mwaka wa themanini alikuwa katika chumba kile, vita bado havijaanza, na kwamba kila asubuhi mashine ilimpa habari za siku ambayo kwake ilikuwa na amani. Nilimweleza fikra hiyo. Alinitazama kwa huruma. “Wewe, Chuo Kikuu,” alisema, kwa maana hilo ndilo jina alilonipa, “hata betri ikifa wewe unaiandikia matanga.”

Alikuwa mkali. Mwanafunzi aliyelalamika kwamba mashine imekosea alisimamishwa mbele yake na kuiomba radhi, kwa sauti, wenzake wakisikia. “Mashine haikosei,” alifundisha. “Mashine inaamini. Ukiidanganya, inaamini. Ukinyamaza, inaamini Jumanne.” Sentensi hiyo niliinakili kwa furaha ya mtafiti aliyepata mfano wake.

Alikuwa na binti mmoja. Binti huyo alikuwa ametangulia ng'ambo pamoja na shangazi yake, katika faili moja, wakati faili la mama lilipobaki nyuma kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kumweleza. Mwalimu alikuwa akiomba kumfuata. Hakuna jambo jingine alilolitaka, na hakulisema mara kwa mara. Lakini kila mtu kituoni alijua kwamba kila akisikia gari la ofisi ya wakimbizi likisimama langoni, chaki yake hukoma ubaoni mpaka gari liondoke.

Ombi lake la mwisho alilichapa mwenyewe, kwenye mashine ile. Asubuhi hiyo alikuwa ameshairekebisha tarehe kama kawaida, jenereta ikazimika na kuwaka tena, na mpeleka barua wa ofisi alikuwa tayari mlangoni. Aliingiza upesi vipimo vya diski, maana ombi alikuwa ameshaliandika na kulihifadhi humo. Mashine ilipomtangazia Jumanne yake, hakuketi kubishana nayo. Alibonyeza kitufe cha kukubali, akalitoa ombi kwenye printa, akatia sahihi, akampa mpeleka barua bahasha. Alisahau kwamba programu ya kuandikia barua huweka tarehe yenyewe juu ya ukurasa, kwa kuiuliza saa ya mashine.

Hayo hatukuyajua kwa wakati ule. Tulichojua ni kwamba ombi limekwenda, na kwamba wakati wa kungoja humfanya mtu atafute vita vidogo. Vita vyake alivileta kwangu. Nilikuwa nimesema, kwa kupitisha maneno tu, kwamba betri kama ile huenda ikapatikana Lodwar.

“Lodwar,” alisema, kama mtu anayetaja mwezini. “Niombe kibali cha kusafiri kwa sababu ya betri? Leta wewe.”

Nilimweleza kwa nini haiwezekani. Nilimpa saa za misafara, hali ya barabara, tofauti kati ya msafara wenye gari moja la askari na wenye mawili, na tetesi za karibuni. Nilikuwa na hoja nzuri, zimepangwa. Alisikiliza zote.

“Mimi nakatazwa na karatasi,” alisema. “Wewe unakatazwa na nani?”

Niliondoka na msafara uliofuata. Sitajifanya shujaa: njia nzima nilikuwa nimeinamisha kichwa chini ya kioo cha dirisha, na mama aliyeketi karibu nami alinipa mtoto wake nimshike, akifikiri ninaumwa na kwamba mtoto angenituliza, na kweli alinituliza kidogo. Lodwar nilikaa nikingoja mwenzangu wa Nairobi atume betri kwa basi, kwa kuwa fundi wa saa wa sokoni alikuwa na betri za kila aina ila hiyo. Mchana nilikwenda ukingoni mwa Turkwel, nikatazama maji ya kahawia yakipita chini ya mikoma, yasiyohitaji kibali. Betri ilipofika, basi la kwenda Kitale lilikuwa limesimama pale pale, na mkoba wangu ulikuwa begani. Ningeweza kupanda. Mpaka leo sijui kama nilirudi Kakuma kwa ajili ya Mwalimu, au kwa sababu niliogopa barabara ya Kitale vilevile na angalau hofu ya ile ya Kakuma nilikuwa nimeizoea.

Nilimkuta darasani. Niliiweka betri mezani ikiwa bado ndani ya pakiti yake. Aliichukua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

“Ndogo hivi?”

“Ndiyo.”

“Na inashika miaka yote hiyo?” Aliigeuza. Kisha akaitundika pakiti kwenye msumari, juu ya zile tarakimu za chaki, akapangusa mikono. “Haitaingia.”

Nilipokuwa Lodwar alikuwa ameitwa kuhojiwa. Alinisimulia akiigiza sauti zote mbili, yake na ya afisa, kama anavyoigiza viungo vya kompyuta.

“'Mama, hapa unasema binti yako yuko ng'ambo.' Nikasema ndiyo. 'Na barua yako ni ya mwaka wa themanini.' Nikaiangalia. Ya akhi, nikaona Jumanne yangu imekaa juu ya karatasi, imetulia kabisa. Nikamwambia mashine ni mgonjwa, kila siku inaamka mwaka huo. Akacheka. 'Mama, kambi haikuwapo. Vita havikuwapo. Hizi karatasi za kutengeneza tunazijua. Binadamu anakosea. Kompyuta haikosei.'”

Kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe: “Alinirudishia somo langu.”

Faili lake liliwekwa kando. Alilirudia neno hilo mara kadhaa, na mimi nililiwaza usiku na mchana, kwa sababu lililokataliwa linaweza kukatiwa rufaa na lililokubaliwa linaweza kungojwa, lakini lililo kando haliko mahali popote. Alikuwa amemwomba afisa aje aone mashine ikiwaka. Afisa alisema atakuja akipata nafasi.

“Nitakuandikia ushahidi,” nilisema. “Nimeiona kwa macho yangu kila siku.”

“Wewe ni binadamu. Yeye ameshasema binadamu anakosea. Anaamini mashine. Basi mashine imwambie mwenyewe.”

“Tunaweza kuweka betri mpya sasa, darasa liendelee. Siku akija, tunaitoa mbele yake, anaona tarehe inavyorudi.”

“Mtu anayeshuku,” alisema, “akiona bisibisi mkononi mwako, ameshahukumu. Lazima aikute hivi ilivyo. Haijaguswa.”

Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo kwa siku nyingi. Haikuwa nayo, au ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba ilimtegemea afisa apate nafasi.

Siku iliyofuata alimwita mmoja wa wanafunzi waliowahi kuiomba mashine radhi, akamsimamisha pale pale, na safari hii yeye ndiye aliyesema. “Nilikufundisha vibaya. Mashine inakosea. Inakosea kuliko mtu, kwa sababu haioni haya.” Kisha akaiwasha, ikatangaza Jumanne, akaanza kuingiza vipimo vya diski.

Hivyo darasa zima likaingia kifungoni mwake. Dizeli ilikuwa ya kubahatisha, na sehemu nzuri ya saa za umeme ililiwa na kazi ya kuikumbusha mashine mwili wake. Ikizimika katikati ya somo, walianza tena. Pakiti iling'aa juu ya msumari, kila mtu akiiona.

“Ustaza,” Halima alisema siku moja, “dawa iko ukutani na mgonjwa yuko kitandani. Walahi, hata daktari mbaya hafanyi hivi.”

“Mgonjwa huyu ni shahidi wangu. Akipona, atasahau alichoona.”

“Na sisi? Sisi tunasoma lini?”

Mwalimu alimtuma Halima alete chai. Halima alirudi na chai, na siku nyingine alirudi na bisibisi, Mwalimu akiwa ameitwa ofisi ya kituo. Alimkuta Ekiru amesimama mbele ya meza, fimbo yake mabegani, mikono imening'inia juu yake kama anachunga.

“Dada, rudi kwa chai yako.”

“Unalinda ugonjwa, Ekiru?”

“Nimeajiriwa kulinda mlango. Hii ingine najitolea.”

“Na huyo afisa asipokuja?”

“Atakuja.”

“Umemhesabu?”

“Simhesabu. Naangalia tu.”

Halima aliiweka bisibisi mezani, akaketi, akalia kwa hasira. Ombi lake mwenyewe nalo lilikuwa ofisini, naye alitaka awe amejua kazi kabla ya kuitwa. Sikumlaumu. Wala sikumlaumu Mwalimu. Nilikuwa nimekwenda barabara ile kuleta uhuru mdogo wenye umbo la sarafu, na nilichofanikiwa ni kuuweka mahali pa kuonekana.

Nilipoondoka kabisa Kakuma, kwa msafara wa asubuhi, sikumuaga vizuri. Nilisimama mlangoni mkoba mkononi. Alikuwa akisoma tarakimu za ukutani na kuziingiza, na alijua akikatizwa ataanza upya. Aliinua mkono wa kushoto bila kugeuka.

Nilirudi muongo ulipokuwa ukingoni. Nilikuwa na nakala ya tasnifu yangu, ambamo istilahi zake zilijaza sura nzima, nami nilitaka aione kabla sijaweza kusema imekwisha. Barabara ilinitisha kama zamani. Nilikuwa nimejifunza tu kuomba nimshike mtoto wa mtu. Nairobi niliiacha katika gumzo moja: kwamba mwaka wa elfu mbili ukiingia, kompyuta za dunia zitapotea, zikidhani zimerudi mwanzo wa karne. Watu wazito waliongea habari hiyo kwa sauti za mazishi.

Ekiru alikuwa langoni. “Ejok,” alinisalimu Kiturkana, akanishika mkono muda mrefu. “Halima amekwenda. Ng'ambo. Kibanda amemwachia dada yake.”

“Na Mwalimu?”

“Yuko.”

Alikuwa amekonda, na chumba kilikuwa kile kile, gunia likidondosha maji dirishani. Pakiti ilikuwa juu ya msumari, maandishi yake yamefifia kwa jua.

“Chuo Kikuu,” alisema. “Umechelewa. Leo ni Jumanne tena.” Akaipokea tasnifu kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaiweka chini ya kibodi, ambayo ilikuwa ikiyumba. Nilikubali. “Unajua wazungu wanaogopa nini? Wanaogopa mashine zao zitaamka mwaka ambao si wake. Sisi tumekaa humo, tungewaonyesha nyumba.”

Niliuliza, kwa kuwa nisingeweza kungoja zaidi: “Afisa alikuja?”

“Alikuja.”

Wakubwa wake walikuwa wametuma waraka ofisini, wakiwaonya kwamba kompyuta zinaweza kukosea mwaka. Afisa aliusoma, na kwa kumtendea haki ni lazima niseme kwamba alimkumbuka mama mmoja. Alikuja bila kutangaza. Mwalimu aliiwasha mashine. Afisa akasoma tarehe kwenye skrini, akamwomba aizime na kuiwasha tena. Jumanne. Akaomba aiwashe yeye kwa mkono wake. Jumanne.

“Akasema, 'Kwa hiyo ilikuwa kweli.' Nilitaka kumwambia: hukuniamini mimi, umeamini wakubwa wako waliokuambia maneno yangu yale yale.”

“Ulimwambia?”

“Nilimpa chai.”

“Na faili?”

“Limetoka kando. Limerudi kwenye foleni.” Alitazama mahali pengine. “Mwisho wake. Nao wana utaratibu wao.”

Hakunipa nafasi ya kusema pole. Alisimama, akaitungua pakiti msumarini, akaipuliza vumbi. “Shahidi ameshatoa ushahidi. Sasa mponye.”

Ekiru alishika kifuniko. Nilitoa betri iliyokufa, nikasukuma ile mpya mahali pake, nayo ikaingia kwa mlio mdogo. Mwalimu aliandika tarehe, akaingiza vipimo vya diski, kisha akazima. Alihesabu kimyakimya kwa midomo, akawasha. Tarakimu zilikimbia, mashine ikatangaza siku ile ile tuliyokuwamo. Wanafunzi wapya, ambao hawakuwahi kuiona ikijua chochote, walipiga makofi.

“Haya,” alisema Mwalimu. “Pacha wangu ametoka mwaka wa themanini.”

Kesho yake nilipita kumuaga, safari hii ipasavyo. Jenereta ilikuwa imeanza kunguruma. Nilimkuta amesimama mbele ya mashine kama desturi yake, kidole hewani. Skrini ilitangaza tarehe sahihi, ikangoja kana kwamba kuna mwenye pingamizi. Hakuwa nalo. Kidole kilibaki hewani muda, kisha akakishusha.

“Kazi yangu umempa sarafu,” alisema.

Ekiru aliingia na kitambaa chenye maji, akaenda ukutani kufuta zile tarakimu za chaki ambazo hazikuwa na kazi tena.

“Acha hizo,” Mwalimu alimwambia. Kisha akanigeukia. “Hiyo betri itaishi muda gani?”

“Miaka michache. Kwa joto hili, pungufu.”

Nje, honi ya msafara ililia kuwaita abiria. Mwalimu alivuta kiti, akaketi mbele ya mashine, akaipangusa skrini kwa upindo wa kitenge chake taratibu, kutoka juu hadi chini.

“Basi,” aliiambia, “tuone nani atatangulia kuondoka.”